Mke Mwenza

Miaka kumi na tisa tulimgawana mume,
mimi na Shebe Dafina, mwizi.
Usingizini hakuniita mimi.
"Shebe," atanong'ona, "leo hutoki,"
kisha aukabe mto.

Niliijua nambari ya makubadhi yake.
Nilijua bohari gani la Kilindini alilifungua
kwa kibanio cha nywele, akakiacha
mezani, juu ya risiti,
salamu kwa Inspekta Mwidani.
Vibanio ishirini na sita mume wangu anavyo,
kavitia kwenye kopo la biskuti.
Pete ya ndoa ilimpotea Mtongwe,
hakuitafuta.

Ndipo ikaja habari: Shebe kafia Tanga,
kwa homa tu.
Nikashukuru. Nikapika pilau.
Hakula. Wiki ya tatu hii hanyoi ndevu,
kutwa barazani, Kibokoni nzima yampa pole.
Eda ya mwanamume sijapata kuiona.

Jana usiku nimelivunja kabati letu,
bangili zangu nikazifukia kwenye pipa la mchele,
nikaacha kibanio kimoja, kipya,
nimekinunua Marikiti kwa shilingi kumi.

Alfajiri namsikia asaka viatu,
apiga mluzi.