Mzigo wa Upepo

Saa tisa mchana, jua lingali juu ya Kadutu,
jiwe la kwanza liligonga manjanja ya Mama Nabintu.
Moja tu, kama mtu abishaye hodi kwa kidole.
Kisha kilima kizima kikapigwa.

Mimi ni fundi wa mapaa.
Bati jembamba hulia, bati la wakati wa baba huguna.
Siku hiyo sikuweza kuyatofautisha:
kelele ilizidi sikio, ikawa kama kimya.

Dakika kumi na mbili.
Migomba ikachanika vitambaa,
maharagwe yaliyoanza kuchanua yakalala kifudifudi,
na mbuzi wa Bisimwa, chini ya mkokoteni,
akaitazama dunia kana kwamba imemkosea adabu.

Nikaokota jiwe. Lilijaza kiganja.
Nyanya alipima mvua ya mawe kwa punje za mahindi,
mama kwa maharagwe.
Mimi nimefika yai la bata.

Nsimire, binti yangu, asomaye mambo ya hewa chuoni,
alilikata kwa msumeno wangu wa chuma.
Ndani, pete juu ya pete, kama kitunguu.
"Kila pete ni safari, baba. Upepo umelipandisha,
likateleza kidogo, ukalipandisha tena."

Nikamwuliza: siku hizi tunalala bila blanketi
humu milimani tulimokuwa tukiota moto.
Barafu hii imetoka wapi?

Akasema juu kabisa baridi ingalipo,
ila joto la huku chini huinywesha hewa maji mengi,
huupa upepo mgongo.
Mawe madogo huyeyuka njiani, hatuyaoni.
Yanayofika ni yale makubwa.
"Pengine," akaongeza. Daima husema pengine.
"Milima yetu haijahesabiwa vya kutosha."

Upepo kupewa mgongo!
Nikamwona mama yangu, Cibalonza,
kamba kwenye paji la uso, gunia la makala nyuma,
akipanda kutoka ziwani hadi sokoni.
Kilo hamsini. Alipozizoea, wakaongeza: sabini.
Siku moja, mia.
Hakuna aliyemwuliza kama anataka,
aliyeweza ndiye aliyebebeshwa.
Na goti lilipokataa, pale kwenye mteremko,
mzigo haukumwangukia mwenye mali.
Uliwaangukia wauza sombe waliokaa chini.

Sasa wingu likisimama juu ya ziwa
naona mwanamke ameinama,
na nyuma yake mikono nisiyoijua, iliyo mbali,
inapakia, inapakia.

Jiwe tulilihifadhi kwenye frigo ya muuza bia.
Usiku umeme ukakatika, kama kawaida;
asubuhi, maji nusu kikombe.
Lakini Nsimire alikuwa amezichora pete zote daftarini,
saba, na tarehe, na jina la mtaa.
Moja imehesabiwa.

Mimi nilipata kazi wiki tatu.
Nisidanganye: nilifurahi kidogo,
nikaona haya, nikaendelea kupiga misumari.

Mama Nabintu alishika ngazi, akatazama viraka vyangu
ving'aavyo kama samaki katika kutu.
"Fundi, hili litavumilia?"

Miaka ishirini na sita nimejibu swali hilo
kabla halijaisha.
Nikatoa msumari mdomoni.
Nikatazama juu.
"Pengine," nikasema.