Safu ya Tatu

Nimepewa kinasa sauti, daftari la safu tatu
na chumba cha juu hapa Wete, juu ya duka la Shaame Faki.
Kilichosemwa. Nani kamwambia nani. Maana yake.
Nalipwa kwa ukurasa.

Safu ya kwanza nyepesi: sikio, kalamu, basi.
"Hodi." "Karibu." "Hamjambo?" "Hatujambo."
Naandika hata kikohozi, hata kijiko
kikigonga ukingo wa kikombe.
Ya pili nayo haina taabu. Mji huu
mtu akipiga chafya nautaja ukoo wake.
Ya tatu ndiyo inayonikesha.

Tazama hili, la Jumatatu, baada ya alasiri.
Mtu anapita, wawili wanakula barazani.
"Karibu."
"Starehe."
Aliyenitangulia kaandika pembeni: kaalikwa, kakataa.
Hakualikwa, yakhe. Wala hakukataa.
Sahani ilikuwa ya watu wawili, muhogo na dagaa;
kila mmoja kamsitiri mwenziwe
kwa neno moja, na njia ikaendelea.

Au "inshallah". Kanda moja, nimezihesabu thelathini na moja.
Fundi Mbwana, anayedaiwa mlango tangu Mfunguo Tatu,
huivuta ile "laa" ya mwisho polepole
kama anayerudisha komeo asimwamshe mtoto.
Ya Bi Mize fupi, imekatwa kwa kisu:
huyo atakuja, hata mvua imtie tope magotini.
Sasa niandike vipi urefu wa irabu
ya mtu asiyetaka kuwa mwongo?

Alkhamisi, kanda ya tisa.
Bawaba inalia. Ndara.
Namjua kwa ndara kabla hajasema.
"Shaame, nimepita tu kukutazama."
"Vyema, Mama Sabiha. Mzee?"
"Hajambo, alhamdulillahi. Jana kanywa uji."
(Siku ya tatu ile baba alikuwa hajatia kitu mdomoni.)
"Na msomi wako?"
"Yupo. Anawaandikia watu maneno."
Kimya. Sekunde kumi na moja, nimezipima.
Ndani yake nasikia kipimo
kikizama guniani, kikitoka, kikizama tena,
na karatasi inakunjwa.
"Haya, nisalimie."
"Zimefika."

Mwaka mzima nimekula mchele ule
nikidhani umenunuliwa.

Safu ya kwanza nimeijaza yote, na ndara zake.
Ya pili: mama, mwenye duka.
Ya tatu nimetia kistari.
Watanikata malipo ya ukurasa. Wakate.

Usiku, nyumbani Limbani, mama kanipakulia.
"Kula, mie nishakula."
Nikalisikiliza lile neno kwa sikio la kazini:
limeanza juu, likashuka, silabi ya mwisho imemezwa
pengine ndiyo chakula chenyewe.
"Hata mie," nikamwambia, "nilialikwa huko."
Sahani ikakaa kati yetu inapoa,
kila mtu anangoja mwenziwe amwamini.
Paka akaja, akalia njaa yake
bila kupinda, bila kusalimu.

Mama akamtazama, akanitazama, akasonya
msonyo mrefu ambao alfabeti haina herufi yake.
"Ebo! Hebu lete kijiko cha pili."