Kifungu cha Tisa

Kifungu cha tisa kina mistari minne
na huu ni usiku wa tatu kimeninyima usingizi.
*Klabu itamwachilia mchezaji kwa timu ya taifa lake,*
kinasema, kisha kinameza mate,
kisha: *iwapo mchezaji mwenyewe atapenda.*

Hapo ndipo penye mlango wa nyuma.
Meneja wa klabu, huko kusini mwa Ufaransa,
hajawahi kumwambia mtu hapana.
Humwita kijana ofisini, humpa kahawa,
humsogezea karatasi: elfu arobaini juu ya mshahara
kwa kila msimu utakaochoka kuitikia wito.
Neno ndilo hilo, kuchoka.
Kukataa hakukuandikwa popote.

Mimi ni Ketino, mwenye faili za mikataba,
chumba cha mwisho, ghorofa ya pili, Tbilisi.
Hita moja, simu mbili,
na ramani ya Ufaransa niliyoichoma pini thelathini na moja.
Kila pini ni shingo.
Wenzetu huuza mafuta. Sisi Wajojia, katika raga,
tunauza shingo: nguzo wa kulia, nguzo wa kushoto,
vijana waliozaliwa wakisukuma.

Vazha Lomtatidze ni pini ya kumi na nne.
Simu yake huita mara sita.
"Shangazi Ketino," huanza hivyo, nami si shangazi yake,
"goti linanisumbua."
Goti lipi?
Ananyamaza kidogo, anachagua.

Kwenye kamati wanapiga meza: mkataa kwao ni mtumwa!
Nani kakataa? Nimezisoma hesabu zake:
paa la mama,
ada ya dada anayesomea ufamasia Kutaisi,
jeneza la baba, kwa awamu,
awamu ya mwisho Februari.
Posho yetu ya siku hainunui hata tairi la gari lake.
Mtumwa gani huyo anayeezeka nyumba ya mamaye?

Jumamosi nikaendesha gari hadi Guria.
Kijijini kwao, kila Pasaka, huchezwa mpira mmoja tu,
mzito kama mtoto wa miaka minne, umeshindiliwa udongo na divai.
Nusu ya kijiji husukumia mto huu, nusu mto ule,
na washindi huulaza juu ya kaburi
la mtu waliyempoteza mwaka huo.
Safari hii walimlazia babake Vazha.
Mwanawe hakuwepo. Klabu ilikuwa na mechi.
Nimeuona: mshono umeachia kwa mvua,
na majani mawili yamechungulia nje.

Nilikuwa na hotuba mfukoni, ya bendera na damu.
Tsiala, mamake, aliniwekea mkate wa jibini
akaketi mkabala nami, mikono mapajani.
"Akivunjika shingo kwenu, analipa nani?"

Miaka minane ya vikao
na swali hilo halijawahi kupita mlangoni.
Hotuba niliirudisha nayo Tbilisi, haijakunjuliwa.

Wiki tatu niliandikia makampuni ya bima.
Saba hayakujibu, au yalijibu kwa adabu.
La nane likataja bei.
Nikaifuta safari ya kamati kwenda Paris,
hoteli, chakula cha jioni, tiketi za wake zao.
Mpaka leo hawanisalimii kwenye ngazi.
Fedha zilitosha shingo kumi na tisa.
Nilizichagua mimi.
Usiniulize nilizichaguaje.

Uwanja wa ndege wa Kutaisi, alfajiri, Novemba.
Anatoka akiuburuta mkoba, mabega yake yanaujaza mlango,
goti zima, magoti yote mawili mazima.
Ananiona, anatabasamu kama mwizi wa maembe
aliyesamehewa kabla ya kuungama.

Mamake amefika kabla yangu.
Hamkumbatii. Anamwinamisha kama mtoto,
anapitisha kiganja nyuma ya shingo yake,
pingili moja, pingili moja,
kama mtu anayehesabu chenji dukani.

"Siku kumi na moja," ananiambia, hageuki.
"Nimeisoma karatasi."