Kipimo: Ndoo Moja

Nilipanda Igogo na karatasi kumi na mbili,
penseli za rangi, na ile picha iliyopigwa kutoka angani
ambamo mlima mzima ni mabati na mawe
na hakuna mtu.

Nikawaambia: nichoreeni mnapopita.

Kwandu hakuchora barabara.
Alichora mawe, jiwe baada ya jiwe,
kutoka bombani hadi mlangoni kwake,
na matatu akayakoleza:
hapa natua ndoo,
hapa natua ndoo,
hapa natua ndoo na kumtukana aliyejenga juu namna hii.
Aliyejenga ni yeye. Tulicheka.

Masalu, fundi redio, aliuliza kaskazini ni wapi.
Nikamwonyesha. Akaigeuza karatasi.
Kwake juu ni ziwa, ramani zote zikatae zikipenda;
huko ndiko inakolia honi ya meli ya Ukerewe,
na mkewe aliondoka na honi hiyo
kwenda kusalimia, wiki moja tu,
huu mwaka wa nne.

Ng'washi, darasa la pili,
alichora mbwa watano na njia inayomkwepa kila mbwa.
Shule ikabaki nukta, pembezoni,
karibu itoke nje ya ukurasa.

Nikarudia ya Kwandu. Kwenye jiwe la pili
kuna duara dogo, la manjano.
Hili ni nini, mama? Taa?
Hilo ni Limi, akasema.
Jua la saa saba, sikuwahi kufika popote.
Nilishika jiwe. Ndoo haikumwagika.

Kesho mkuu wangu atauliza kipimo.
Atauliza ufunguo: alama ya zahanati tunayo,
ya msikiti, ya kanisa, ya kisima,
hata ya mnara wa simu.
Nimepekua kitabu cha alama mpaka jalada la nyuma.

Chini ya karatasi nimeandika, kwa penseli inayofutika:
ndoo moja ni mapumziko matatu.

Kisha nikateremka, magoti yakilalamika,
safari hii nikihesabu.
Kwenye jiwe la pili mguu uligoma
na mdomo ukanitoka: hodi.

Nyuma yangu, muwa mdomoni,
msichana wa miaka tisa aliyekuwa akinifuata
akajibu, Karibu,
akatema kapi,
akanipita mbio.