Usibishe Hodi

Nilishuka kituo kimoja kabla ya kituo changu,
makusudi,
nikaidanganya miguu kwamba tunatembea tu.
Plzeň, Februari. Theluji ya juzi
imegeuka uji wa kijivu kando ya reli za tramu.

Ngazi hamsini na mbili.
Nilizihesabu kwa Kivietnamu,
maana kwa Kicheki nikipita ishirini nababaika.

Mfukoni, kadi ya bima,
na risiti ya dukani. Nyuma yake Khoa,
mtoto wa binamu yangu,
ameniandikia sentensi nne kwa kalamu ya kijani.
Ana miaka kumi. Leo ana mtihani wa hesabu.
"Shangazi, ukisahau, waonyeshe karatasi."
Sikumwambia kwamba ya tatu hainitoki kinywani:
ina neno lisilo na irabu hata moja,
konsonanti tupu, zimebanana kama watu kwenye lifti.

Mlango mweupe.
Karatasi imebandikwa, maneno mawili, alama ya mshangao.
Nikabisha.
Ndivyo nilivyolelewa, huingii kwa mtu kama upepo.

Ukumbi mzima ukaniinulia macho.
Mzee mmoja akainyooshea karatasi fimbo yake,
akaisoma kwa sauti, polepole, kama anayemsomea kiziwi,
na alipoona bado sijaelewa,
akagonga hewa kwa ngumi, mara mbili,
kisha kidole kikakataa.

Kumbe kuna mlango usiotaka hodi.
Unakaa. Muuguzi hutoka akipenda.

Nikakaa. Ndipo nilipoiona miguu yao:
kila kiatu kimevishwa mfuko wa plastiki wa buluu.
Mimi peke yangu nimechora tope
kutoka ngazini mpaka kwenye kiti hiki,
asije mtu akauliza ni nani.

Na hapa, chini ya ubavu wa kulia, kitu changu.
Wiki ya tatu.
Kwa lugha yetu ningekieleza:
asubuhi kinawanga,
nikiinama kiwandani, kwenye cherehani ya viti vya magari, kinachoma,
usiku kinapwita,
hakiumi, kinapwita tu,
kama mtu anayegonga ukuta wa chumba cha pili
asijue kama kuna anayesikia.
Kwa Kicheki nina neno moja, kuuma.
Nitasema kuuma, nitapewa dawa ya kuuma.

Mama alikuwa nacho pahali hapa hapa.
Hiyo ni sentensi ya tano.
Sikuweza kumwomba mtoto aiandike.

Bibi wa kiti cha pili ana majibu ya vipimo.
Ameyakunja mara mbili, mara nne, mara nane,
karatasi sasa ni ndogo kama stempu
na vidole vyake bado vinatafuta pa kukunja.
Bila kunitazama akanyoosha mkono kwenye sanduku
nyuma ya mlango wa ngazi,
akanitupia mapajani mifuko miwili ya buluu.

Niliivaa. Mmoja ulichanika kisiginoni.

Dakika arobaini. Redio inanong'ona mahali fulani.
Akapanda kijana wa kofia ya sufu,
shavu limemvimba upande mmoja,
akaenda moja kwa moja mlangoni, akainua ngumi,

nami nikasikia sauti yangu, "We!", kwa lugha ya nyumbani,
mkono wangu ukagonga hewa mara mbili,
kidole kikakataa.

Ngumi ikashuka.
Mzee wa fimbo akatikisa kichwa kidogo,
kama mwalimu aliyechoka.

Kisha mlango ukafunguka wenyewe.
Muuguzi akalisoma jina langu, likatoka vipande vitatu.
Nhài, kwetu, ni asumini.
Hakuna kipande kilichonukia.
Lakini hakuna mwingine aliyesimama,
basi ni mimi.

Nikaikunjua risiti. Jasho limekula wino wa kijani,
ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zimekuwa majani.
Imebaki ya nne:
"Asante sana, kwaheri."

Nikaingia nayo.