Robo ya Kidonge

Ulaanbaatar, Januari. Dirishani
moshi wa makaa umeketi kama mgeni asiyeaga.
Vitanda kumi na viwili, watoto kumi na tisa,
na Temuulen wangu, miaka minne,
mbavu zikiingia na kutoka
kama mvukuto wa mhunzi aliyechelewa kazi.

Pumu, amesema daktari. Na nimonia juu yake.
Juu yake: kana kwamba ni blanketi.

Muuguzi Uyanga anamvua koti la ngozi ya kondoo,
anamvua buti, soksi mbili mbili,
anampandisha tena kwenye mizani.
Mapokezi waliandika kumi na nane.
Mizani inasema kumi na nne na nusu.
"Hatumtibu kondoo," anasema,
anakata namba ya kwanza, anatia sahihi pembeni.

Kisha: "Amekunywa nini nyumbani?"
Hakuna.

Anamfunga barakoa ya mvuke;
mwanangu anakuwa rubani mdogo mwenye hasira.
"Hata kidogo?"
Hakuna.

Maana jana usiku, jiko lilipozimika,
babu yake alifungua kopo la vidonge vyake vya pumu,
akakata robo kwa kisu cha nyama,
tukaisaga, tukaikoroga katika chai ya maziwa na chumvi.
Alfajiri tukarudia.
Akatapika. Tukasema ni kikohozi.

Sasa Uyanga ameshika mrija wa dripu.
Anasoma jina la mtoto, kilo, kipimo, saa,
na mwenzake anapiga hesabu yake
kwenye karatasi yake, amempa mgongo,
kama mashahidi wasioaminiana.
"Mama Temuulen, siulizi ili nikuhukumu.
Nauliza kwa kuwa mkono huu ni wangu."

Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua.
Hawakusema kilio cha nani.

Natoa kopo ndani ya buti langu.

Anasoma kibandiko. Anafunga dripu.
Haniambii mimi ni mama wa namna gani.
Anapiga simu, anataja dawa herufi kwa herufi,
na daktari, upande wa pili, anairudia herufi kwa herufi,
kisha mstari mmoja unakatwa kwenye faili:
ilikuwa dawa ileile, imevaa jina jingine.

Tunakaa, tunautazama moyo wake
kwenye kioo, ukichoka kukimbia.
Mia na themanini.
Mia na sabini na mbili.
Mia na sabini na mbili.
Mia na sitini na tano.

Alfajiri ananipa daftari na peni.
"Kila kitu, na saa yake. Hata asali."
Naandika: antibayotiki, saa sita usiku.
Mvuke, saa nane, saa kumi.
Maji, vijiko vitatu.
Na juu ya yote, mahali nilipoacha wazi,
robo ya kidonge, mara mbili,
kwa mwandiko uleule, bila kuupunguza.

Simu inalia. Ni babu yake:
"Dawa yangu imemsaidia?"

Naangalia daftari.
Baba, namwambia, njoo.
Njoo na makopo yako yote.