Usomaji wa Sasa

Miaka ishirini na sita nimesoma mita za umeme,
Ibra, Mudhairib, hadi mashamba ya Bidiya.
Nimejua ukuta upi una nyigu,
kioo kipi kimepofushwa na vumbi.
Nilichokiona ndicho nilichokiandika.
Mtu mmoja alinitilia noti mfukoni, nikamrudishia;
nane yake ikabaki nane.

Nilipostaafu nikanunua darubini ya inchi nane
kwa mwalimu wa fizikia aliyekuwa akihama Maskati.
Rayya akauliza, "Mita za duniani zimekwisha?"

Tunapanda baada ya Isha,
kati ya tangi la maji na dishi lililokufa.
Si mapema: saruji bado inatapika jua la mchana,
na nyota zinacheza kama punje chini ya mchuzi.
Viyoyozi vyetu vyote tunazima.
Mjukuu analalama huko chini. Anapewa barafu.

Wageni wakija wanataka pete za Zohali.
Mimi nataka nukta moja, ya kawaida,
ambayo ukiisubiri, ukashusha pumzi,
ukaacha kuigusa darubini hata kwa nia,
hupasuka:
mbili, na baina yao uzi mweusi,
kama mwanya wa meno.

Zipo pacha za uongo.
Moja i karibu, ya pili i nyuma yake mbali kabisa,
wewe tu ndiye uliyesimama pahala pa kuzioanisha.
(Mimi na karani wa malipo tulikuwa hivyo,
dirisha moja, miaka kumi na tisa.)
Na zipo za kweli, zinazozungukana,
hii ikivuta, ile ikivuta,
isianguke hata moja.

Yangu ni ile ya Sumbula.
Mbili sawasawa, rangi ya samli iliyopoa.
Nilizikuta zimebanana kama wanaonong'onezana,
na kila Aprili nimezipima zikiachana:
uzi, kisha utepe, kisha kichochoro.
Mimi jichoni, Rayya na saa mkononi,
tochi kaifunga kipande cha kanga nyekundu.
Naita "Sasa!", anabonyeza, anaandika
katika daftari nililobaki nalo kazini:
safu ya usomaji uliopita,
safu ya usomaji wa sasa.
Kuchungulia hajawahi. "Mimi karani," husema.

Aprili hii hewa imetulia tuli.
Nikaweka jicho.
Moja.
Nikafuta lenzi kwa ncha ya kanzu, dhambi, najua.
Moja, tena ina ndevu,
kama balbu katika mvuke wa pilau.
Nikalaumu hewa. Nikalaumu vioo.
Nikamlaumu mwalimu wa fizikia, huko aliko.

"Hebu nipishe."
Akavua miwani, akainama, mkono gotini.
Kiyoyozi cha jirani kikakoroma, kikanyamaza.
"Mbili," akasema.
"Hapo katikati pikipiki inapita."

Daktari kaniambia jina lake: mtoto wa jicho.
Tumelea sita, mimi na Rayya.
Huyu wa saba kaja bila kuitwa,
kakaa mlangoni, hataki kupisha.

"Niandike nini?"
Hesabu ya mwaka jana naijua kwa moyo,
na hatua yao ya mwaka naijua;
ningejumlisha, na nani angejua?
Kazini nyumba iliyofungwa tuliiandikia K,
kadirio.
Sijawahi kuipenda herufi hiyo.

"Andika: mimi, moja. Wewe, mbili."

Akaandika yake kwanza.
Kisha akanikabidhi saa na tochi,
akarudi kwenye lenzi,
na kwa sauti ya mtu anayegonga geti la watu
akaita,
"Sasa!"

Nikabonyeza.